Daftari la Getini

Sogeeni, na anayejiona hakimu akae mbele, maana leo nina kesi ambayo mahakama imeimaliza na bado haijaisha.

Tawi la Tukuyu la Benki ya Shamba Letu lilikuwa na watu watatu wa aina yake. Mzee Ambakisye, mlinzi wa getini, hakuwahi kutupa karatasi. Mama Subilaga, mpishi wa chai, hakuwahi kusahau jambo. Na Tumpe, keshia, akiiona sahihi mara moja tu, basi haimpotei tena.

Benki ikafilisika. Asubuhi moja Tumpe alikuta mlangoni kufuli jipya na tangazo. Akalisoma mara mbili, akarudi nyumbani, akafua mashuka yaliyokuwa safi. Hakulia. Tangu siku hiyo kila jambo lilimfikia kwa mbali, kama redio ya jirani.

Akaja mfilisi, mtu aliyewekwa kusimamia mabaki ya benki. Wafanyakazi kumi na wawili, Tumpe akiwemo, walipodai mafao yao, aliwajibu, "Majalada yenu hayaonekani makao makuu. Nitajuaje kama mliwahi kufanya kazi hapa?" Wakaenda mahakamani.

Mzee Ambakisye akaleta daftari la mahudhurio la miaka sita, limeviringishwa kwenye mfuko wa mbolea. Kila mwajiriwa aliyeingia kazini alisaini humo. Kati ya waajiriwa, jina la mzee peke yake halikuwemo, kwani yeye ndiye aliyekuwa mshika daftari, nani angemsainisha? Wenzake wakapata ushahidi, yeye akakosa hata mstari mmoja wa kumwingiza kwenye madai.

Wakili wa mfilisi akalifungua, akacheka. "Mheshimiwa, sahihi za watu watatu, mkono mmoja!" Ilikuwa kweli. Pale tawini ukichelewa mwenzako alikusainia, na waliuita udugu. Udugu huo sasa uliwatokea puani.

Tumpe akasimama. Siku nne alipitia kurasa zote, akitenga sahihi za kweli na za kusainiana.

"Na hizi za uongo aliziandika nani?" wakili akauliza.

"Nyingi ni zangu," Tumpe akajibu, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya vitunguu. Jina lake likafutwa kwenye madai, naye akaketi bila kusikia chochote moyoni.

Lakini waliosainiwa, walifika baadaye au hawakufika kabisa? Hapo akaitwa Mama Subilaga. "Huyu alikuja saa nne, akataka chai isiyo na sukari. Huyu hakuja, alikuwa msibani kwa mkwewe, na chai yake nikainywa mimi." Kwa siku tatu aliwataja mmoja mmoja, na kila walipochunguza, ikawa hivyohivyo. Yeye mwenyewe alikuwa kibarua, hakuna aliyewahi kumwambia asaini, na hivyo hakuwa na mafao ya kudai.

Kumi na mmoja wakashinda. Ndipo mfilisi akasema, "Nahitaji mtu mmoja wa kubaki tawini miaka miwili, hadi jengo liuzwe. Kuna mshahara. Nichagulieni." Wale washindi wakajibu, "Ni mmoja wa hawa watatu. Wakubaliane wenyewe." Wakaondoka, kila mtu kwake.

Watatu wakabaki kwenye benchi la mahakama.

"Bila daftari langu mngeongea nini, wanangu?" akasema Mzee Ambakisye.

"Bila kichwa changu, kaka, daftari lako lingekuwa la kuwashia jiko," Mama Subilaga akadakia.

Tumpe alikuwa akitazama sakafu. "Mimi nilikuwa na mafao, nikayatoa kwa mdomo wangu. Ninyi mlipoteza nini?"

Tumpe aliitaka kazi ile, na alishangaa kwamba bado kuna kitu anachokitaka.

Mfilisi akachungulia mlangoni. "Haya, ni nani?"

Wakainuka wote watatu kwa pamoja. Tumpe akamwona mzee wa miaka sabini na mama aliyemlisha miaka sita, nao wakamwona yeye. Hakuna aliyeketi.

Haya, ninyi mliokaa mbele. Mfilisi anasubiri, na nafasi ni moja. Mngewaambia wawili gani waketi?