Kichwa cha Fundi Saa

Duka la fundi saa lilikuwa na upana wa meza moja, kioo mbele na taa kali juu. Kutwa aliinama humo, lenzi imembana jichoni, akiokota skrubu ndogo kama chembe za mchanga. Wateja walimsifu kwa mkono usiotetemeka. Hawakujua kwamba droo yake ilijaa vidonge vya maumivu, naye alivibugia kila siku kama mtu atafunaye njugu.

Kwa miaka kumi na miwili kichwa kilimgonga upande mmoja. Kwanza machoni kulimetameta mistari iliyovunjikavunjika kama meno ya msumeno, kisha yakaja maumivu na kichefuchefu. Siku hizo alifunga mlango akalala chini ya meza, koti usoni. Nani angemkabidhi saa fundi asiyeona? Hata mkewe hakumwambia.

Binti yao wa miaka kumi walimwita Chiriku, maana hakufunga mdomo. Mwaka ule alianza kurudi nyumbani kimya, akikimbia mwanga na kutapika. Mama yake alifundisha hesabu katika shule hiyohiyo, na ilikuwa kana kwamba kila mtihani ukikaribia, mtoto anaugua.

"Huyu anatega," mama alisema wakila. "Walimu wenzangu wananicheka chinichini. Baba Chiriku, sema na mwanao!"

Fundi akainamia sahani. Aliujua ugonjwa ule kama kiganja chake, lakini kuutaja wa mtoto kulikuwa kuutaja na wake. "Jitahidi, mwanangu," akasema.

Alhamisi mama akamkalisha mtihani kwa nguvu. Haikupita saa moja, fundi akapigiwa simu. Alimkuta Chiriku amelala kwenye benchi katika chumba cha walimu, ndoo ubavuni, mama amesimama kando akiuma mdomo.

"Baba, namba zilikuwa na shimo katikati," mtoto akasema kwa sauti ndogo. "Pembeni vikawaka vimistari kama meno ya msumeno. Sidanganyi, baba."

Fundi alipiga magoti. "Najua hudanganyi. Hata mimi huviona."

"Unaviona wapi?" mkewe akauliza.

"Machoni mwangu, mama Chiriku. Miaka kumi na miwili. Nilikuficha."

Mkewe akamgeukia. "Ukaniacha nimwite mwanangu mwongo?"

Fundi akamwinua mtoto, akambeba hadi nyumbani.

Kesho yake wote watatu walikwenda kliniki. Daktari, mama wa makamo mwenye sauti ya taratibu, aliuita ugonjwa huo kipandauso, akasema mara nyingi hurithiwa. Aliposikia habari ya vidonge vya kila siku akatikisa kichwa.

"Hapo umejikaanga kwa mafuta yako mwenyewe, baba. Vidonge vya maumivu vikizoeleka hivyo, vyenyewe huleta kichwa. Viache vidonge hivyo, nitakupa dawa nyingine ya kukinga."

"Na mtoto?" mama akauliza.

"Yeye sitamwanzishia ya kukinga kwa sasa. Kwa watoto, dawa hizo zilipolinganishwa na vidonge visivyo na dawa ndani, tofauti haikuwa kubwa. Ale kwa wakati, anywe maji, alale saa zilezile. Kichwa kikianza tu, mpeni dawa ya maumivu kwa kipimo chake, kisha apumzike gizani. Msingoje kizidi. Na kila kinapokuja, andikeni tarehe."

Wiki mbili za kwanza bila vidonge, fundi alikiona cha mtema kuni. Lakini safari hii alilala kitandani mwake, na mkewe, ingawa bado amenuna, alimwekea kitambaa cha maji baridi kwenye paji la uso. Kufikia mwezi wa tatu, siku kumi na tano za maumivu kwa mwezi zilikuwa zimebaki nne. Chiriku hakupona kabisa, ila alirudia mtihani wake, na mama yake alimwomba radhi mbele ya walimu walewale waliocheka.

Siku ambazo kichwa kilimshinda, fundi alibandika karatasi mlangoni: "Naumwa kipandauso. Njooni kesho." Wateja walikuja kesho yake. Mmoja wao, askari mstaafu mwenye sharubu, aliikuta karatasi haijabanduliwa, akaisoma, akachungulia nyuma kama anayefuatwa, kisha akainama dirishani.

"Fundi," akanong'ona, "hiyo kliniki iko wapi? Mimi nina mwaka wa ishirini nakificha changu."

Fundi akaweka lenzi chini, akamwelekeza hatua kwa hatua. Hakika, mficha uchi hazai.