Samaki wa Mikono Tisa

Hapo zamani za kale, wanangu, kabla mizani haijafika ziwani, samaki alipimwa kwa mkono, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Aliyewahi kuvua mrefu kuliko wote alimiliki kilindi chenye samaki wengi. Wengine walihangaika na dagaa matopeni.

Miaka saba kilindi kilikuwa cha Mamba. Eti alivua sangara wa mikono tisa!

"Yuko wapi?" aliuliza Fisimaji, mama wa watoto watatu, mdogo wa mwili lakini mvuvi hodari.

"Nilimla."

"Na mifupa?"

"Nayo niliitafuna!"

Mh! Mimi samaki wa kusimuliwa simwamini, na Fisimaji pia hakumwamini. Lakini watoto wake walikuwa wamelala njaa siku mbili. Akamtazama Mamba vizuri: mwili mrefu, vikono vifupi. Ahaa, kumbe!

Akamwendea Kiboko, mwamuzi wa ziwa. Naye, wanangu, alikuwa shemeji yake Mamba. Mnaona mambo hayo?

"Mzee Kiboko, shikamoo. Kesho naleta samaki wangu. Atapimwa kwa mkono wa nani?"

Mamba, aliyejilaza karibu, akadakia, "Wa mvuvi mwenyewe! Ndivyo nilivyopima mimi."

"Hata mimi, kwa mkono wangu?"

"Ha! Hata wewe! Kidudu kama wewe utavua nini zaidi ya dagaa?"

"Basi tamka mbele ya wote."

Mamba akatamka, tena kwa kujidai. Kiboko akaitikia, "Imepita!"

Kesho yake, chubwi! Fisimaji akazama. Akakaa huko mpaka watoto wake wakaanza kulia. Mara akaibuka, anamburuta kambare, akambwaga majanini, pwaa!

Akaanza kupima kwa kikono chake. "Mmoja! Miwili! Mitatu!"

Alipofika tisa, Mamba aliacha kucheka.

"Kumi! Kumi na mmoja! Kumi na miwili!"

"Wizi huo!" Mamba akanguruma. "Kikono chenyewe kifupi!"

"Unakidharau changu? Hebu nyoosha chako, watu wakione."

Wanyama wote wakageuka. Mamba akaficha vikono vyake chini ya tumbo, haraka haraka.

Kiboko akakohoa. "Sheria uliitamka mwenyewe, shemeji. Toka kilindini."

Siku hiyo watoto wa Fisimaji walikula wakashiba, wakasaza.

Na kambare yule, wanangu, mbona alikuwa wa kawaida tu! Anayejitungia kipimo cha kujipendelea, ajue mwenzake naye ana mkono.