Ufunguo Mmoja wa Jiji Lililohama

Sogeeni karibu, nina kesi na sina hakimu. Asiyetaka kukasirika aende zake mapema, maana mimi mwenyewe kila nikiisimulia hasira hunipanda upya.

Kando ya reli upo mji mdogo, na katika mji huo waliishi watu watatu wenye vipaji vitatu.

Wa kwanza ni Bi Mwajabu, mwenye banda la video. Kipaji chake kilikuwa kutunza. Ukimwachia sindano ukaenda kuzeekea mbali, siku ukirudi atakupa sindano ile ile, na uzi wake bado umo tunduni. Watu walimcheka wakamwita Bi Ghala.

Wa pili ni Fundi Ndekeja, mtengeneza redio. Kipaji chake kilikuwa mikono. Ilisemekana redio mbovu ikifikishwa mlangoni pake huanza kukoroma yenyewe kwa woga.

Wa tatu ni Siwatu, binti wa miaka kumi na sita, na kipaji chake kilikuwa sikio. Alichokisikia hakikumtoka. Baba yake, marehemu Athumani Kiduo, alikuwa mtafsiri wa filamu bandani kwa Bi Mwajabu. Filamu inazungumza lugha ya ng'ambo, naye amekaa pembeni na kipaza sauti, anawasemea wote kwa Kiswahili: shujaa, adui, bibi kizee, mpaka mlango unaolia. Siwatu alikaa miguuni pake tangu ana miaka mitano, kazi yake kumpa maji ya kulainisha koo. Baba alipofariki, shule yake ilikatika kidato cha pili. Maneno hayakukatika.

Sasa, mji huo wote ulikuwa na ugonjwa mmoja, nao ni filamu tano ziitwazo Jiji Lililohama. Alizitunga mzee mmoja wa ng'ambo, Bwana Halvar, zamani, kabla mimi sijazaliwa. Ni habari za dunia iliyokauka. Watu wanajenga jiji lenye injini, liruke liende kwenye nyota nyingine. Lakini anayepanda ni yule tu ambaye jina lake limo kwenye orodha. Filamu nne nzima watu wanapigania orodha. Katika ya tano, siku ya kuruka, Nahodha anawaona vikongwe tisa wamesimama nje ya lango, hawakuandikwa. Anashuka. Anauweka ufunguo wa shaba chini, miguuni pa kikongwe wa mwisho, naye anabaki nje nao. Jiji linaruka bila Nahodha wake.

Watu wazima walilia mbele ya mwisho ule. Kinyozi Magembe, mwenyekiti wa mashabiki, aliyaandika maneno ya Nahodha ukutani kwa rangi nyekundu, juu ya kioo: "Andika jina langu chini ya jina la bibi huyu, au futa yote." Ulikuwa unanyolewa huku unayasoma.

Kisha Bwana Halvar akazeeka, akatajirika, akageuka. Akautengeneza upya mwisho wa filamu yake. Akawafuta vikongwe wote tisa! Katika filamu mpya lango linafungwa, Nahodha anatabasamu, jiji linaruka kwa fataki na mwanga. Akatangaza kwamba huo ndio mwisho wa kweli, na yeyote mwenye kanda ya zamani aipeleke dukani, apewe diski mpya bure. Zile za zamani zikachomwa moto. Na ile ya asili, aliyokuwa nayo mwenyewe, aliichoma kwa mkono wake ili mtu asimrudishe nyuma.

Pale kwa kinyozi vita vikaanza. "Filamu ni yake," walisema wengine. "Mwenye nyumba akibomoa ukuta, mpangaji analia nini?" Magembe akajibu akiwa na mashine mkononi, kichwa cha mteja kimenyolewa nusu: "Mpangaji analia kwa sababu yumo ndani!"

Lakini kubisha hakurudishi kanda. Karibu mji mzima ulikuwa umeshakwenda dukani kuchukua cha bure.

Bi Mwajabu peke yake hakwenda. "Diski yenu inang'aa kama mganga wa uongo," alisema. Akaichukua kanda yake ya filamu ya tano, yenye sauti ya Kiduo iliyorekodiwa juu yake, akaizungushia kanga mbili, akaitia kwenye debe lenye mkaa wa kunyonya unyevu, akafunika. Miaka ikapita. Mwaka wa mafuriko mto uliingia majumbani. Watu walitoka na magodoro, na mabegi, na mbuzi. Bi Mwajabu alitoka na debe. Magodoro yake yalikwenda na maji huku akiyaangalia. Siku mbili alikaa juu ya bati la jirani, debe mapajani, na waliopita kwa mtumbwi wakamzomea: "Bi Ghala, umeokoa mkaa?" Bila yeye, kanda ingekuwa tope. Nani atabisha?

Maji yalipokauka kanda ilikuwepo, lakini ilikuwa mgonjwa. Ukungu mweupe ulitanda juu yake, na utepe ulikatika mahali patatu. Wengine walisema itupwe. Fundi Ndekeja akasema ipelekwe kwake. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu pia, na daktari alishamwambia aache kazi za vitu vidogo. Akakaa dirishani kwenye mwanga siku kumi na mbili. Alifuta utepe kwa pamba na spiriti, kipande baada ya kipande, kwa urefu wa filamu nzima. Mkewe akamwambia, "Baba Zuhura, si ufute haraka tu umalize?" Akamjibu, "Ukungu ukiufuta kwa hasira, unafuta na picha." Akaziunga zile sehemu tatu, akafungua deki tatu za kuchezea kanda zilizokufa, akatoa deki moja hai. Siku ya kumi na tatu hakuweza tena kuiona ncha ya bisibisi. Bila yeye, kanda ingebaki jiwe. Hilo nalo nani atabisha?

Wakakusanyika bandani alasiri, madirisha yamezibwa kwa magunia. Filamu ikaanza. Picha ikatoka, na sauti ya marehemu Kiduo ikatoka, nzito, ya mzaha, watu wakapiga makofi kama amefufuka. Lakini zilipobaki dakika ishirini, pale jiji linapowasha injini, sauti ikafa. Maji yalikuwa yameila. Nahodha alifungua kinywa na hakutoka neno. Banda lote likanung'unika. Bi Mwajabu akajifunika uso kwa mtandio.

Ndipo Siwatu akasimama kando ya skrini. Hakuomba ruhusa. Akaanza kuunguruma kwa mashavu, kama baba yake alivyoifanya injini. Watu wakacheka. Akamsemea mlinzi wa lango kwa sauti ya puani, akawasemea vikongwe, kila mmoja na kikohozi chake. Nahodha aliposhuka, akasema polepole: "Andika jina langu chini ya jina la bibi huyu, au futa yote." Hakuna aliyecheka tena. Dakika ishirini nzima hakukosea pumzi moja. Bila yeye, mwisho ungebaki bubu. Mbishi yupo?

Magembe alikuwa amerekodi kwa simu. Ikasambaa kwa mashabiki, toka mji huu hadi ule, ikavuka bahari, ikamfikia Bwana Halvar. Naye akatuma mjumbe, mwanamke mpole aitwaye Renata, aliyeshuka kwenye treni ya Jumatano na barua na kisanduku. Barua ikasomwa kwa kinyozi.

"Nilikosea," iliandikwa. "Nauona mwisho wangu wa zamani na nauonea aibu huu mpya. Nitaurudisha kwa dunia nzima kutoka kanda yenu, na sauti ya binti ikiwa humo. Mwanzoni mwa filamu nitaandika: Imeokolewa na, kisha jina moja. Mwenye jina hilo nampa ufunguo wa Nahodha, ule ule wa filamuni. Nichagulieni jina."

Renata akafungua kisanduku. Ufunguo wa shaba, mrefu kama kiganja.

"Moja?" Magembe akauliza. "Watu ni watatu, dada."

"Anasema watazamaji hawasomi orodha ndefu," Renata akajibu huku akiangalia chini.

Jamani! Mtu aliyetunga filamu tano za kuilaani orodha, leo anatuletea orodha ya jina moja! Na majina matatu ni marefu? Ya wapishi wa chakula chake huko mwishoni mwa filamu huwa yanapita mpaka unasinzia!

Basi waliokaa kama ndugu bandani siku ya filamu wakaanza kupimana kwa macho.

"Mimi nimeacha godoro nililoolewa nalo," Bi Mwajabu akasema. "Ndekeja angefuta nini? Mkaa?"

"Mama, wewe ulitunza maiti," Fundi akajibu. "Mimi niliifufua, na macho nimeyaacha humo. Mwaka huu sitauona uso wa mjukuu wangu vizuri."

Siwatu akasema taratibu, "Shikamooni wazee wangu. Mimi nikichaguliwa, msiandike Siwatu. Andikeni Athumani Kiduo. Maneno ni yake. Amekufa watu wakimwita mwizi wa filamu za wenzake, na jina lake halijaandikwa popote ila kaburini, tena kwa mkaa."

"Kiduo hakuwepo siku ile," mtu mmoja akadakia kutoka kwenye benchi. "Na wewe shule hukumaliza, lugha ya ng'ambo uliijulia wapi? Tutajuaje ulichosema ndicho?"

Hapo Renata akakohoa. "Kuna jambo sikutaka kulisema," akaanza. "Nimesoma karatasi za filamu ile zote. Nahodha hasemi kitu anaposhuka. Anaweka ufunguo tu. Ananyamaza."

Mashine ya kinyozi ilikuwa inanguruma bure hewani. Magembe akaizima. Wote wakageuka kuangalia ukutani, yale maneno mekundu waliyoyaapia miaka ishirini, waliyowasomea watoto wao, waliyoyatamka hata msibani kwa Kiduo mwenyewe. Kumbe Kiduo ndiye aliyeyatunga. Midomo ya Nahodha ilikuwa inatikisika kwa kilio, naye akaijaza.

"Basi!" mtu wa benchi akaruka. "Kiduo alifanya lile lile alilofanya Halvar. Alibadilisha filamu ya mtu. Na binti karudia. Huo ni uokozi au uharibifu?"

Siwatu akamgeukia, macho yamejaa. "Halvar alifuta watu tisa. Baba alimwongezea mtu mmoja sauti. Wewe unaona ni sawa?"

"Na Bwana Halvar anasemaje kuhusu maneno hayo?" Magembe akauliza.

"Ameyapenda," Renata akasema. "Yatabaki. Yataandikwa kuwa yametungwa naye, kama mengine yote."

Niambieni nisikasirike. Niambieni, nawasikiliza! Aliyechoma anatubu na kupongezwa, aliyetunga anaitwa mwizi, na waliookoa wanapiganishwa kwa kipande cha shaba.

Mwingine akasema kwa sauti ya kupatanisha, jina liwe la Halvar mwenyewe, maana bila yeye hakuna filamu ya kutunza, wala ya kutengeneza, wala ya kusemea. Bi Mwajabu akavua kandambili akamrushia. Ikampata.

Wakauliza: tukipeleka majina matatu je? Renata akasema ameagizwa. Yakiwa matatu, au pasipokuwa na jina, filamu itatoka bila kutaja mtu wala mji, na ufunguo utarudi kwenye kabati la kioo la Bwana Halvar. Treni inayomrudisha inapita Jumamosi saa nne asubuhi.

Kesi ndiyo hiyo. Wakimwandika Bi Mwajabu, macho ya fundi yamekwenda bure. Wakimwandika Fundi Ndekeja, aliyekaa juu ya bati na debe mapajani amebaki nje ya lango. Wakimwandika Siwatu, au baba yake, wazee wawili wamesahauliwa, na mtu wa benchi atasema filamu si ile. Wakikataa kuandika, wote wamebaki nje pamoja kama Nahodha na vikongwe. Ni heshima kubwa, lakini Halvar atatoka mbele ya dunia kama aliyejiokolea filamu yake mwenyewe, na mtoto wa Kiduo atamsikia baba yake akiongea kwa jina la mtu mwingine.

Magembe ameibana karatasi ya Renata ya kuandikia jina ukingoni mwa kioo kwa pini ya nywele, chini ya yale maneno mekundu. Ina mstari mmoja. Ufunguo upo juu ya meza, kati ya wembe na unga wa poda, na wale wazee wawili wamekaa kwenye benchi moja. Fundi anaupapasa kwa vidole kwa kuwa hauoni. Bi Mwajabu anamfukuzia nzi. Siwatu amekaa miguuni pao, kama alivyozoea kukaa miguuni pa baba yake.

Leo ni Ijumaa. Kalamu imewekwa pale, na kila anayeingia kunyolewa anaulizwa.

Wewe uliyenisikiliza mpaka hapa, inuka uende kwenye kioo. Utaandika jina la nani? Au utaiacha karatasi nyeupe, treni ije iuchukue ufunguo?