Mkonga wa Baba Yake Mwakio

Nani amecheka? Wewe Mkamburi, nimekuona. Nimedokeza kisa tu, umeshakunja pua. Eti ndovu hawezi kulelewa na mwanamke mwenye mbuzi watatu! Wewe ulilelewa na mama yako, ambaye hata jiko halimtii, na mbona umekua? Kaa kitako. Kila mtu ashike hindi lake apukuchue. Mikono ni ya mahindi, masikio ni yangu.

Zamani hizo, milima ilikuwa bado inagombania pa kukaa, na mawe yalikuwa mepesi kwa sababu hakuna aliyewahi kuyabeba. Usiniulize ilikuwaje. Shule niliishia darasa la nne, na habari za mawe hatukuzifikia.

Palikuwa na mjane akiitwa Wakesho. Hakuwa na mtoto, hakuwa na subira; alikuwa na mbuzi na ulimi. Mwaka wa ukame akashuka mtoni kuchimba maji mchangani, akamkuta ndovu jike amekufa. Kando yake kitoto chake kimesimama, kinamsukuma mama kwa paji la uso. Kinasukuma, kinangoja. Kinasukuma, kinangoja.

"Haamki huyo," Wakesho akakiambia. "Na mimi sina nafasi."

Akachota maji yake akaondoka. Kitoto kikamfuata. Akakitupia mchanga. Kikamfuata. Akakitukana mpaka akamaliza matusi ya kwao, akaazima ya ukweni. Kikamfuata hadi mlangoni.

Akakikamulia mbuzi, akakitilia maziwa kwenye kibuyu. Kilikunywa? Hakikunywa. Akachanganya na uji mwembamba wa mtama. Kilikunywa? Hakikunywa. Siku ya pili magoti yakaanza kutetemeka.

Siku hiyo akaja Mwakio, ndugu wa marehemu mumewe na mkubwa wa ukoo. Mkononi mkuki, mabegani ngozi nzito ya ng'ombe aliyokuwa akijitanda hata jua likiwaka, ili watu wajue yeye ni nani. Nyuma yake kijiji kizima, kila mtu na chungu chake.

"Shemeji, hongera," akasema Mwakio. "Nyama imekuja kwa miguu yake."

"Hii si nyama, shemeji. Ni mgonjwa. Hanywi."

"Basi tumsaidie kabla hajakonda."

Sasa sikilizeni desturi yao, wewe hasa Mkamburi. Mtoto mchanga akikataa titi, watu wale walisema anadai jina. Mkubwa wa ukoo humtajia marehemu wao, mmoja mmoja, na jina litakalomfanya anyonye ndilo lake. Tangu hapo yeye ndiye yule marehemu. Waliokuwa wanawe humwita baba, hata kama bado anajikojolea.

"Mtajie majina," akasema Wakesho. "Yakiisha hajanywa, mkuki ni wako."

Mwakio alicheka mpaka akashika mbavu. Marehemu gani angerudi na pua ya kuburuta? Akakubali mbele ya watu wote. Mjinga.

"Mghanga!" Alikunywa? Hakunywa.

"Mwanyumba!" Alikunywa? Alipiga chafya ndani ya kibuyu.

Akataja tisa, akataja kumi, na wenye vyungu wakaanza kutafuta kuni. Mwakio akainama juu ya mnyama, mkuki tayari, ili asipoteze muda.

"Limebaki moja," akasema, "na ni la baba yangu, Mwadime."

Alipoinama hivyo, ile ngozi ikateleza ikamfunika ndovu kichwa chote. Nzito, ya joto, gizagiza, kama tumbo la mama lilivyokuwa juu yake. Akainua mdomo kutafuta titi. Wakesho akasukuma kibuyu. Akanywa chote, akalia apewe kingine.

"Mzee Mwadime amerudi!" kijiji kikapiga kelele.

Mimi nasema ni ngozi. Wao walisema ni jina. Wakesho hakusema kitu, na Wakesho akinyamaza, ujue analo jambo.

Mkuki ukamwanguka Mwakio. "Baba?" akaita kwa sauti ndogo.

Ndovu akajamba.

"Ndiye," wakasema wazee.

Tangu siku hiyo, bila ngozi juu ya kichwa, ndovu hanywi. Na ngozi ni ya Mwakio, na Mwakio hampi mtu ngozi yake. Basi asubuhi, adhuhuri na jioni, mkubwa wa ukoo husimama ametanua mikono, amekuwa tumbo.

"Inua kidogo, shemeji," Wakesho humwambia kutoka chini. "Baba yako hapati hewa."

Ndovu akakua. Akavunja ghala, akaingia kwenye mtama.

"Baba, nakuomba, toka shambani," Mwakio akabembeleza.

Baba hatoki.

"Hata alipokuwa mtu hakuwa akisikia," akasema mkewe Mwakio.

Miaka ikapita, kundi la ndovu likapita pia. Yule wetu akasimama akasikiliza. Akala kwanza ndizi zote za Mwakio. Kisha akamwekea mkonga begani, akaivuta ile ngozi, akaenda nayo porini. Mwakio akabaki uchi mbele ya wakwe zake, analia.

"Unalilia ngozi?" Wakesho akamuuliza.

"Namlilia baba."

Akamwambia asiwe mpumbavu. Kisha akaingia ndani, akakaa na kile kibuyu kitupu mpaka mbuzi wakalia kwa kiu.

Basi mjifunze. Ukitaka kula nyama, usiiulize jina. Ukishaiuliza, ilishe, na usilalamike.

Kisa changu kilikuja kwa miguu yake, kimeondoka na ngozi ya mtu. Atakayekifuata akanywe maji mtoni.

Nini tena, Mkamburi? Kama kweli alijamba? Katika yote niliyosema, ulilobeba ni hilo! Nakwenda kuwatazama mbuzi. Nikirudi nikute magunzi matupu. Sogeza mguu, naufunga mlango.