Kama Si Tai, Ni Nani?

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama wagonjwa? Paukwa!

Pakawa!

Haya, hapo sawa. Na wewe uliyeegemea mlango, usisinzie. Hadithi hii ina mtu aliyesinzia, na utasikia alichokifanya.

Hapo zamani za kale palikuwa na mwamba mkubwa, na juu ya mwamba waliishi pimbi. Pimbi mnamjua? Mnyama mdogo, mnene, hana mkia, na wala haoni haya kwa kukosa mkia. Kazi yake ni kula majani na kuota jua. Jua la asubuhi likimpata mgongoni, basi tena, humwambii kitu.

Lakini dunia ina meno. Kwa hiyo pimbi walikuwa na desturi yao. Mmoja hukaa kileleni kwa zamu, anatazama. Akiona hatari ya juu, hupiga mbinja moja: Fyuu! Wote mbio, nyufani. Akiona hatari ya chini, hupiga mbinja mbili: Fyuu! Fyuu! Wote mbio, kileleni.

Asubuhi moja zamu ilikuwa ya Mbiu, kaka yake Mama Pimbi. Mbinja ikalia moja. Fyuu! Pimbi wakaingia nyufani, purukushani, huyu anamkanyaga yule. Walipotoka, watoto wawili hawapo. Kitete hayupo, mtoto wa Mama Pimbi. Na kifaranga cha Bi Kwale hakipo. Bi Kwale alikuwa jirani yao, anaishi kwenye nyasi chini ya mwamba. Watoto hao walikuwa wakicheza pamoja karibu na ufa mkubwa, ule wa upande wa mawio.

Wakaitwa. Wakatafutwa. Kimya.

"Ni Tai," akasema Mbiu. "Nimeliona bawa lake kwa macho yangu. Jeusi, pana!"

"Mbinja ilikuwa moja," wakasema wote. "Ni Tai."

Tai akashtakiwa. Hakimu alikuwa Nyati, mwenye pembe nzito na subira nyepesi. Akamwita Mama Pimbi.

"Ulisikia mbinja ngapi?"

"Moja, mheshimiwa. Lakini..."

"Moja. Kaa."

Akamwita Mbiu. Mbiu akaapa kwamba aliliona bawa. Kisha akajitokeza Nyani, anajikuna, anaona haya.

"Mheshimiwa," akasema, "asubuhi hiyo Tai alikuwa kwenye kiota chake, mlima ule wa pili. Najua, maana nilikwenda kumwibia yai. Hakutoka kiotani hata kidogo. Nilikaa nikimvizia mpaka jua la utosi, mwisho akanidonoa hapa." Akainama, akaonyesha kidonda kichwani. Baraza zima likacheka. Nani atajisingizia wizi ili amwokoe Tai?

Nyati akapiga kwato, gwa! "Tai hana hatia. Nendeni makwenu."

Bi Kwale akapiga ukelele. "Kwe-kwe-kwere! Wamemwacha muuaji! Anaruka zake na mwanangu tumboni!" Akaondoka analia.

Mama Pimbi hakulia. Alishindwa kukaa. Akikaa, anainuka. Akila, anatema. Jua likiwaka wenzake wanajilaza, yeye anatembea juu ya mwamba, chapa, chapa, chapa, anakwenda, anarudi, huku akiimba:

*Kama si Tai, ni nani?*
*Kama si juu, ni wapi?*
*Kitete wangu, niambie,*
*Kama si Tai, ni nani?*

Akaenda kwa Nyati. Akamkuta amelala matopeni, pua tu inaonekana.

"Mheshimiwa, kama si Tai, ni nani?"

"Mama, kesi imekwisha."

"Kesi ya Tai imekwisha. Ya Kitete je?"

Nyati akapuliza povu. "Niliulizwa, je, Tai ameua? Nikajibu hapana. Nani ameua, hakuna aliyeniuliza."

"Basi nakuuliza mimi."

"Niletee wa kushtakiwa," akasema Nyati, akazama. Bwaku, bwaku, bwaku.

Akaenda kwa Bi Kwale. Bi Kwale akamgeuzia mgongo. "Umekuja kumtetea Tai wako?"

"Simtetei mtu, shoga. Tai ni adui yangu tangu kwa bibi yangu. Lakini wewe umefiwa na mimi nimefiwa. Hebu niambie, asubuhi ile ulisikia nini?"

"Nilimsikia mwanangu. Piii! Mara moja tu." Bi Kwale akafumba macho. "Halafu mbinja."

"Rudia."

"Piii! Halafu mbinja."

Mama Pimbi manyoya yakamsimama. Hata yeye ndivyo alivyosikia. Kilio kwanza, mbinja baadaye! Alitaka kusema hayo barazani, akaambiwa kaa, akakaa. Alijichukia kwa kule kukaa.

Wakapanda mwambani wote wawili, mbio, mpaka kwa Mbiu.

"Kaka," akasema Mama Pimbi, "mbinja hutangulia kilio. Yako mbona ilifuata?"

"Dada, kesi si imekwisha?"

"Sikuulizi kesi. Nakuuliza Kitete."

Mbiu akatazama kushoto. Akatazama kulia.

"Jua lilikuwa tamu, dada," akasema. "Nilisinzia. Niliposikia kilio nikashtuka. Nikatazama chini, sikuona kitu. Nikajiambia, basi ni Tai. Nikapiga moja."

"Na bawa?"

"Sikuona bawa." Akaanza kulia. "Niliona aibu."

Mama Pimbi alitaka kumng'ata. Meno alikuwa nayo. Lakini jambo jingine likamjia, likamtia baridi. Tangu siku ile akina mama wote, kwa kumwogopa Tai, waliwafundisha watoto kukimbilia ufa mkubwa, kwa kuwa ndio wenye kina. Hakuna aliyeona tone la damu mwambani. Hakuna aliyeona unyoya. Na kama si juu, ni wapi?

Hapo hapo mlinzi wa zamu akapiga, Fyuu! Mbinja moja. Safari hii ilikuwa ya kweli. Tai huyo, anapita juu, kivuli chake kinatambaa mwambani. Watoto wote wa pimbi mbio, kuelekea ufa mkubwa, tiritiritiri!

Mama Pimbi akaruka. Akafika kabla yao. Akajitanda mlangoni, manyoya wima, meno nje.

"Msiingie!"

"Tai! Tai!" wakalia watoto.

"Msiingie!"

"Ana wazimu!" wakapiga kelele akina mama. "Atatuulia watoto!"

Bi Kwale akaja akasimama kando yake, akatandaza mabawa. "Hawaingii," akasema.

Kivuli kikapita. Tai akaenda zake. Kukawa kimya. Na katika kimya kile, nyuma ya Mama Pimbi, ndani ya ufa: Ssssss.

Wote wakarudi nyuma. Kikatoka kichwa, taratibu, kipana. Alikuwa Chatu, amenona, ngozi inang'aa.

"Mlikuwa mnatazama juu," akasema Chatu kwa uvivu. "Mimi nilikuwa nawangoja chini. Wawili wa kwanza walikuja kucheza. Hawa mlikuwa mnaniletea wenyewe."

Nyati aliitwa, akaja na matope yake mgongoni. Safari hii hakuuliza mbinja zilikuwa ngapi. Alimwambia Mama Pimbi asimame aseme yote, na yeye akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akainua kwato. Chatu hakuona jua la kesho yake. Ufa ukajazwa mawe, na Mbiu ndiye aliyeyabeba.

Kitete hakurudi. Kifaranga hakikurudi. Lakini kesho yake jua lilipochomoza, Mama Pimbi alikwenda kwenye yale mawe, na Bi Kwale pembeni yake. Akazunguka mara moja. Akakaa.

Ndiyo maana hadi leo pimbi, hata akifukuzwa, hunusa kwanza mlango wa nyumba yake.

Basi shikeni hili, wakubwa kwa wadogo: kumwachia asiyeua ni haki nusu. Nusu ya pili ni kumjibu aliyefiwa, na anayeuliza usimwambie yamekwisha.

Hadithi yangu imeishia hapo, penye mawe. Anayekwenda kulala, atazame na chini ya kitanda.