Kibuyu cha Bi Mbeleje

Palikuwa na sauti moja usiku: gubwi! Kisha kimya. Kukicha, kijito cha bondeni ni chekundu, kinanuka machicha ya zabibu, na watoto wa vibarua wamejikunja kwa tumbo.

Bonde zima lilijua ni nani. Palikuwa na tajiri wa mvinyo, mwenye mizabibu toka mlima hadi mlima, aliyeosha mapipa yake na kuumwaga uchafu wote kijitoni. Jina lake silitaji bado. Aliwaambia vibarua: "Atakayenitaja kwa habari za kijito, asirudi shambani." Na shamba jingine halikuwapo. Miaka mitatu Liwali aliuliza, "Nani anachafua maji?" Miaka mitatu watu walitazama vidole vya miguu yao.

Tajiri hakutosheka. Akatoa amri: kila tone la zabibu bondeni ni lake, hata lililodondoka chini. Atakayekutwa nalo ni mwizi.

Basi mchana mmoja mchuma zabibu mmoja, Bi Mbeleje, ambaye mjukuu wake alikuwa kitandani siku ya nne, alipita langoni kwa tajiri na kibuyu kichwani. Njia yake fupi ilikuwa ya nyuma, lakini siku hiyo hakuifuata. Kibuyu hakikuwa na kizibo. Tajiri akanusa. Jua halijasogea, wote wako barazani kwa Liwali.

"Mwizi huyu!" tajiri akafoka. "Ameiba mvinyo wangu!"

"Sikuiba, Bwana Liwali. Nimechota."

"Umechota wapi?" akauliza Liwali.

"Atuambie mwenye mali. Mimi kibarua, najua nini?"

"Kwenye mapipa yangu, wapi tena!"

"Huenda ni ya mtu mwingine, tajiri."

"Mwingine gani? Bonde hili nani mwingine ana mvinyo?"

"Labda umezeeka, pua imechoka."

Baraza likacheka. Tajiri akapokonya kibuyu, akapiga funda, akalizungusha mdomoni kwa maringo, akameza.

"Zabibu zangu! Pipa langu! Mvinyo umechachuka kidogo kwa uchafu wa kibuyu chako, lakini ni wangu!"

"Ameonja, Bwana Liwali," akasema Bi Mbeleje. "Lakini desturi ya baraza hili twaijua. Anayedai mali iliyo mkononi mwa mwenzake huweka kiganja juu yake, akajitaja yeye na baba yake."

"Ndivyo," akasema Liwali. "Haya, tajiri."

Tajiri akakibana kibuyu kama mtoto aliyepotea akapatikana.

"Mimi, Chibago mwana wa Ndahani, naapa! Kila tone lililomo humu limetoka kwangu!"

Karani akaandika.

"Sasa wewe," Liwali akamgeukia mwanamke. "Umechota wapi?"

"Kijitoni, Bwana Liwali. Pale watoto wanapokunywa."

Tajiri akashika tumbo. Watu wakaacha kutazama vidole vya miguu. Liwali akalivuta daftari la karani, akalisoma mara mbili.

"Bi Mbeleje, miaka mitatu nawaombeni jina hili. Kwa nini hamkulitaja?"

"Tulikatazwa, Bwana Liwali. Yeye hakukatazwa."