Buibui Aliyeinua Miguu Miwili

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kama watu walioshiba. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Na wakubwa huko nyuma msisinzie, hii ni yenu pia.

Hapo zamani za kale, kwenye mlimau mmoja, aliishi Buibui. Mdogo, mwembamba, hana nguvu. Dada zake wote walikuwa wamechukuliwa na Nyigu. Nyigu huja vuuu, humchoma buibui mwiba, humfungia ndani ya nyumba ya udongo awe chakula cha watoto wake. Buibui alibaki peke yake, roho mkononi.

Siku moja akaona ajabu. Nyigu alishuka kwenye mlimau, akakuta msafara wa majimoto, wale chungu wekundu wanaoshona majani. Akageuka mbio, maana majimoto huuma, tena huuma wote kwa pamoja. Buibui akawatazama sana. Miguu sita. Vipapasio viwili kichwani, vinachezacheza. Mwendo wa kupinda huku, kupinda kule.

Yeye alikuwa na miguu minane. Akainua miwili ya mbele, akaichezesha juu ya kichwa. Akabana kiuno. Akatembea akipinda, tititi, tititi. Nyigu akaja, vuuu, akamtazama, akapita zake. Jamani, alipita. Buibui mwenyewe hakuamini.

Tangu hapo hakuishusha miguu ile. Anakula, imeinuliwa. Analala, imeinuliwa. Alikaa jirani na majimoto lakini hakuwasogelea, kwa kuwa wao huamkiana kwa kugusana, na wangemgusa wangemjua, wamrarue.

Akataga mayai, akayafunika kwa nyuzi zake ndani ya jani lililokunjika. Asubuhi moja yakapasuka. Watoto, wadogo kama chembe za ufuta, wakachungulia mlangoni. Wakamwona chungu mwekundu amesimama.

Wakarudi nyuma kwa hofu, wakaanza kutoroka kwa upande wa pili. Na upande wa pili ndiko ulikopita msafara wa majimoto.

"Ni mimi, mama yenu," akasema Buibui.

"Sisi tuna miguu minane," akajibu mmoja. "Wewe una sita. Wewe si mama."

Juu, vuuu. Nyigu anauzunguka mlimau. Buibui akiishusha miguu, Nyigu atamwona. Asipoishusha, watoto wataingia midomoni mwa majimoto. Ninyi mngefanyaje? Msinijibu.

Akaishusha. Mmoja, kisha wa pili. Yote minane ikagusa jani.

Watoto wakasimama. Wakamjua. Wakamkimbilia. Nyigu naye akamjua, akajitosa, vuuuuu. Buibui akawalalia watoto wake, akaungoja mwiba.

Mwiba haukuja.

Akatazama. Watoto walikuwa wametoka chini yake. Kila mmoja ameinua miguu miwili, anaichezesha, anatembea akipinda, tititi, tititi. Hakuna aliyewafundisha. Jani zima limejaa majimoto wadogo. Nyigu akaning'inia hewani, hajui tena alichokiona. Kisha akageuka mbio, na mlimau ule hakuurudia.

Buibui akawatazama wanawe, akalia kwa ajabu ile.

Hadi leo, ukimwona chungu anatembea peke yake kwenye jani, usimguse. Hesabu miguu yake.

Na funzo ni hili: mfiche adui sura yako, lakini walio wako waonyeshe ulivyo, hata kama ni hatari.

Hadithi yangu imeishia hapo, juu ya jani la mlimau. Aliyesinzia asije kuniuliza mwisho wake.